Neno Ulilomwambia Maganga

Minza mwanangu,

Sitakuandikia habari za sweta, wala chandarua, wala wezi wa mizigo pale Tabora mnapobadilisha treni. Hayo umeshaambiwa na shangazi zako wote, na mmoja ameyarudia mpaka nikamwonea huruma. Mimi nina hasira na wewe. Nimekaa nayo tangu tumzike baba yako. Nimepika nayo, nimepalilia nayo mpunga, na kila nikitaka kukuambia naona macho yako yamevimba kwa kulia, basi nanyamaza.

Kesho unakwenda chuo kusomea ualimu wa Kiingereza. Siwezi kukuacha ukafundishe watoto wa watu maneno wakati kuna neno moja ulilitumia hapa nyumbani kwangu na mpaka leo linatutesa. Umetoka kuwaaga wenzako, nami nimekaa hapa uani naandika kabla jua halijazama. Ukirudi nitakupa hii mkononi. Uisome leo, ukiwa bado na nafasi ya kufanya kitu.

Wewe na baba yako mlikuwa na mchezo wenu wa maneno. Kila ukija likizo kutoka sekondari ulikuja na Kiingereza kipya, na yeye, aliyejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima akiwa tayari ana mke, alikuwa anakusubiri kama mtoto anayesubiri pipi. Ulikuwa unamtajia neno na maana yake kama ilivyoandikwa kwenye kamusi. Alikuwa haridhiki. Alikuwa anakuuliza, "Sasa nani anaambiwa hivyo? Anaambiwa na nani? Anaambiwa mbele yake au akishaondoka?" Wewe ulikuwa unacheka na kusema, "Baba, mtihani hauulizi hayo."

Siku uliyoleta reluctant ulimweleza kwamba ni mtu anayefanya jambo huku moyo hautaki. Akafikiri, akasema, "Huyo ni yule mtamba mweupe, yule ng'ombe tunayemsukuma kila jioni aingie zizini." Tangu siku hiyo mtamba akawa Reluctant, na majirani hapa Mwamkulu, kwa kushindwa kulitamka, wakawa wanamwita Laktanti. Sisemi kwamba baba yako alikuwa bingwa. Alimsifu mwenyekiti wa kijiji mbele ya mkutano kwamba ni obstinate, akidhani ndiyo kuwa na msimamo, kumbe ni ukaidi, na bahati yake mwenyekiti naye hakulijua. Lakini alikuwa anauliza. Wewe hukuuliza.

Mzee Maganga unamjua, ila nadhani hujui alivyoingia katika maisha yetu. Tulipohama kutoka Shinyanga na ng'ombe, tukapita mapori ya Tabora, tukafika hapa tumechoka na wewe ukiwa mgongoni, mtu wa kwanza kutusimamisha njiani alikuwa yeye, kwenye baiskeli. Alimtazama baba yako, akawatazama ng'ombe, akasema, "Nyie Wasukuma mmemaliza majani kwenu, sasa mmekuja kula ya kwetu?" Baba yako hata hakusalimia. Akamjibu, "Wewe Mnyamwezi, shika kamba hii utusaidie kubeba mizigo, si ndiyo kazi ya babu zako?" Mimi nilikuwa sijacheka tangu tuanze safari. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Usiku ule tulilala kwa Maganga, na ni yeye aliyetuonyesha eneo hili tulilojenga.

Msukuma na Mnyamwezi ni watani. Hilo umelijua tangu utoto, lakini ulilijua kama kichekesho cha wazee. Maganga aliingia nyumba hii miaka yote hiyo bila kubisha hodi. Alifunua vyungu vyangu na kusema mchicha wangu ungefaa kulishwa mbuzi. Alimwita baba yako mwizi wa maji ya mto. Alipozaliwa mdogo wako akaja kudai kwamba mtoto ana sura nzuri mno, hawezi kuwa wa Msukuma, arudishiwe. Mwaka wa njaa huyo huyo alituletea gunia la mahindi na akakataa kabisa kushukuriwa. Aliniambia kwamba amechoka kutuona tumekonda, tunamharibia mandhari.

Sasa nirudi kwenye ile siku. Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa, na Maganga ndiye aliyekuwa ameshinda humo tangu alfajiri na jembe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu. Nilikuwa sijalia wala kusema tangu baba yako akate roho. Nilikuwa nimekauka. Ndipo Maganga akapitia mlango wa nyuma, akalichukua lile koti la baba yako, lile zito alilolivaa hata kiangazi, akaja nalo amelivaa mwilini. Akasimama mbele ya waombolezaji. Akakohoa kile kikohozi cha baba yako, mara mbili, cha mtu anayetaka kujua chakula kiko wapi lakini anaona haya kuuliza. Akasema kwa sauti ya baba yako kabisa, "Hivi humu ndani leo kuna mtu aliyekula?"

Watu wakaanza kuguna. Akageukia zizi. "Laktanti, unawaona hawa? Hawajaja kunizika hawa. Wamesikia kuna wali." Kicheko kikaanzia kwa wale vijana wa kaburini kikaja mpaka kwetu wanawake. Mimi nikasikia kitu kinafunguka hapa kifuani. Nilianza kucheka, na ndani ya kile kicheko machozi yakaanza kushuka, yale yaliyogoma siku zote zile. Nilimwona mume wangu amesimama pale, Minza. Kwa mara ya mwisho nilimwona amesimama.

Ndipo uliponyanyuka wewe.

"Mzee, naomba uache," ulisema. "Huku ni kukosa heshima kwa marehemu. Kwa Kiingereza tunasema irreverent. Baba amelala pale, wewe unafanya maigizo."

Kicheko kilikatika. Maganga alikutazama na kusubiri. Najua alichokuwa anasubiri. Alidhani unamtania, alikuwa anangoja umalizie ili akujibu. Ulipokaa chini ndipo akaelewa kwamba ulikuwa umemaliza. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye mkeka karibu na goti langu. Akasema, "Basi. Sikujua." Akaenda kusimama nyuma ya watu, mbali na kaburi alilolichimba mwenyewe. Tukamzika baba yako kimyakimya kama watu wanaoficha kitu.

Baadaye baba zako wadogo walikuja kunipongeza. "Mtoto amesoma huyu, anaongea mbele ya watu bila woga." Nami nikaitikia. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Nilikuwa nimezoea kwamba wewe ukisema, sisi wengine tunanyamaza kwa sababu umesoma. Nilikuwa na mdomo, ningeweza kukuambia pale pale, "Kaa chini, huyu ni mtani wa baba yako, yuko kazini." Sikusema. Nikawa namtazama Maganga akikunja koti.

Matanga yalipita hakuja. Mavuno ya mpunga yakafika hakuja kuniambia kwamba nimelima kama kuku. Nikamfuata mwenyewe mjini, Makanyagio, kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Aliponiona alisimama. Akafuta kiti kwa kitambaa, akanipa. Akasema, "Karibu mama. Pole sana na msiba. Watoto hawajambo?"

Hebu niambie kama unaelewa kilichotokea hapo. Yule mtu hajawahi kunipa kiti maisha yake yote. Kiti chochote nilichokalia mbele yake nilikipata kwa kumsukuma. Hajawahi kuniita mama; aliniita Msukuma, aliniita mchawi wa mchicha. Nilikaa kwenye kile kiti nikajiona mgeni katika mji niliokaa karibu miaka ishirini. Nikamwambia, "Maganga, acha ujinga wako, njoo nyumbani." Hakucheka. Alisema, "Mama, mtoto wako amesoma. Amesema mbele ya watu kwamba ninamdharau rafiki yangu. Mimi siwezi kutania nyumba ambayo imekataa. Anayefunga mlango ndiye anayefungua." Alisema kwa adabu kabisa. Nilitamani anitukane.

Nilirudi kwa miguu mpaka Mwamkulu nikiwa nafoka peke yangu njiani, watu wananishangaa. Nilikuwa nakusema wewe.

Nataka ujue kwamba sikusemi kama mtu asiyewahi kukosea maneno. Mwaka ule wa kwanza hapa Mpanda, nilikuwa nanunua mihogo kwa mama mmoja wa Kirundi, Mama Spesi, aliyekuwa akiitoa makambini kuja kuuza sokoni. Alikuwa mcheshi, nami nikamzoea. Siku moja nikamwambia, kwa ile sauti ya kumwambia Maganga, "Nyie wakimbizi mnauza ghali, si mrudi kwenu." Nilikuwa nacheka. Mwenzangu hakuwa mtani wangu. Hakuna babu yake na babu yangu waliowahi kukubaliana juu ya hilo. Aliyasikia yale maneno kama yalivyo, na kwao kulikuwa kunaungua. Alifunga mihogo yake kwenye kitambaa, akajitwisha, akaondoka. Siku zote zilizofuata alinisalimia, lakini hakuniuzia tena. Nilijifunza kwamba maneno yale yale, kwa Maganga ni mapenzi na kwa Mama Spesi ni jiwe. Nilikuwa na umri kama wako. Tofauti ni kwamba mimi nilimtania asiyetaniwa, na wewe umemkataza anayetania. Sijui lipi baya zaidi, ila lako ndilo linalonikosesha usingizi.

Basi nikaamua kulitafuta hilo neno lako. Unakumbuka nilikuomba uniandikie kwenye karatasi? Uliniandikia kwa furaha, ukadhani nataka kuchukua nafasi ya baba kwenye mchezo wenu. Hapana. Nilitaka kujua ulimpiga mwenzetu na kitu gani. Nikalipeleka kwa Sista wa parokiani, yule mzungu anayefundisha kina mama ushonaji. Nilijaribu kulitamka nikashindwa, likawa linanijaa mdomoni kama ugali wa moto, nikaona heri nimpe karatasi.

Akasema maana yake ni kutoonyesha heshima kwa kitu ambacho watu wanakihesabu kuwa kitakatifu. Kwa hiyo kamusini ulikuwa sawa. Nikamuuliza kama baba yako, nani anaambiwa hivyo? Akasema, labda kijana anayepiga mluzi wakati wa misa. Mtu anayekalia altare na kula karanga. Halafu akasema kwamba kwao wakati mwingine hulisema huku wanatabasamu, kumsifu mtu asiyeogopa kuwachekesha watu juu ya wakubwa. Nikamweleza habari ya Maganga na koti, bila kumwambia ni nani aliyemkataza. Sista aliuweka uzi chini. Akaniuliza, "Je, wafiwa walikuwa wanacheka?" Nikamwambia mjane alikuwa anacheka. Akasema, "Basi mimi nisingelitumia kabla sijamuuliza huyo mjane."

Minza, mwenye lugha yake angeuliza kwanza. Wewe uliyeliazima hukuuliza. Mjane nilikuwa pale, hatua chache kutoka ulipokuwa umesimama.

Nimekuwa nikitunga sentensi na hilo neno nikiwa shambani, na huenda bado sijalielewa vizuri, wewe ndiye utakayesahihisha. Ng'ombe akiingia kanisani si irreverent, ni ng'ombe tu amekosa mchungaji. Mlevi akiimba njiani wakati jeneza linapita, huyo labda, ila inategemea kama ameliona. Ninavyoona mimi, mtu hawezi kuwa irreverent mpaka kuwe na kitu kitakatifu mbele yake, naye akikanyage. Sasa niambie, pale uwanjani kitu kitakatifu kilikuwa kipi? Wewe uliona ni ule mwili chini ya shuka. Na mimi naukubali, nimelala nao maisha yangu. Lakini kulikuwa na kingine. Kulikuwa na urafiki wa watu wawili ulioanzia njiani tukiwa hatuna pa kulala, na mmoja wao alikuwa ameshika jembe tangu alfajiri, sasa anamsindikiza mwenzake kwa njia pekee ambayo wao wawili walizungumza. Hicho ndicho kilichokanyagwa siku ile. Na aliyekikanyaga hakuwa Maganga.

Nimelisema. Kama limekuchoma, limekuchoma, na mimi lilinichoma kuliandika.

Najua ulimpenda baba yako. Najua kwamba wale watu walivyocheka, wewe ulisikia kama wanamcheka yeye, na ulikuwa unatafuta kitu cha kumkinga nacho, ukashika kilichokuwa karibu. Kwako kilichokuwa karibu ni Kiingereza. Ningekuwa sijui hilo nisingejisumbua kuandika, ningekuacha upande treni na sweta lako. Lakini kukuelewa hakuniondolei hasira. Nyumba hii imekuwa na adabu mno. Watu wanaingia wanabisha hodi, wananipa pole, wanaketi, wanaondoka. Hakuna anayefunua chungu changu. Mdogo wako juzi aliniuliza kama Mzee Maganga naye amekufa.

Sasa sikiliza ninachotaka. Njia ya stesheni inapita Makanyagio. Kesho utoke mapema, mizigo yako nitaileta mimi kwa mkokoteni. Upite kwa Maganga. Usiende kumwomba radhi, atakukubalia kwa adabu na tutakuwa tumepotea kabisa. Usimweleze kwamba ulikuwa na majonzi. Usimpelekee zawadi. Mtani haombwi msamaha, mtani anataniwa. Uingie bila hodi. Umwambie kwamba baiskeli zake zinaua watu kuliko malaria. Umwambie Wanyamwezi walikubali kubeba mizigo kwa sababu hawana akili ya kufuga. Hayo ni yangu, ya zamani, ameshayasikia. Ni heri utafute lako mwenyewe, baya, lililoiva. Utatetemeka. Hujawahi kumwambia mtu mzima kitu kama hicho, na shule ulizosoma zimekufundisha kwamba kutetemeka huko ndiyo heshima. Sema hivyo hivyo ukitetemeka.

Inawezekana asikujibu. Inawezekana akakutazama tu kama alivyokutazama siku ile, akisubiri umalizie. Basi umalizie. Safari hii usikae chini. Mtukane tena, na tena, mpaka akuelewe, hata kama unalia, hata kama wateja wake wanadhani umechanganyikiwa. Akikutukana, mjibu. Akimtukana baba yako aliye kaburini, hapo ujue umefika, na umjibu vizuri, kwa niaba ya baba yako, maana yeye hawezi tena.

Siwezi kukulazimisha. Umekua, na kesho usiku utakuwa mbali na mkono wangu. Unaweza kuisoma barua hii, ukaikunja, ukapitia njia ya nyuma mpaka stesheni, nami nitakupa mizigo yako na kukuaga, kwa sababu ni wewe niliyekubeba mgongoni kuja hapa. Lakini nitakuwa nimekuaga na hasira zangu zote, na utakaa nazo huko chuo kama mimi ninavyokaa nazo hapa.

Tena nina sababu yangu mwenyewe, nikuambie bila kuzunguka. Nami nitakufa. Siku hiyo nataka mtu avae kitenge changu, ajifunge kilemba, asimame mbele ya watu aige ninavyofoka. Na awaambie kwamba mchicha wangu ulikuwa wa mbuzi. Nataka watu wangu wacheke mpaka walie, nisizikwe kama mgeni. Maganga ni mzee, huenda akanitangulia, lakini ana watoto, na watoto wake wanatazama alichofanyiwa baba yao hapa kwetu. Ukiuacha mlango umefungwa, hakuna hata mmoja wao atakayethubutu kuvaa nguo yangu.

Siku hiyo, akisimama mmoja wao na kilemba changu kichwani, wewe ucheke kuliko wote. Mimi sitakuwa na hasira tena.

Mama yako